Kitambaa cha Mama Efrazia

Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, Gare. Yusta alirudi kutoka bombani akakuta diski ya utafiti wake haipo. Saa sita Sajenti Mwanahamisi alikuwa chumbani mwake, viatu vimejaa tope.

"Ilikuwa na nini?"

"Hesabu za miaka mitatu, afande. Kompyuta inatafuta chembe za nikeli, ndogo kuliko vumbi, zitakazochochea maji yatoe gesi ya kupikia. Gesi isiyo na moshi."

"Nakala?"

"Mtandao wa huku ungezibeba? Jumatatu nilikuwa naikabidhi, kisha niende Ujerumani miaka minne, tuzitengeneze kweli. Bila diski, nafasi anapewa mwingine."

Jikoni, mama yake, Efrazia, alikuwa anakohoa. Kuni za miaka arobaini zilishamharibu kifua.

Majirani wote walimtaja Benjamini, aliyesoma na Yusta akakosa nafasi hiyo hiyo. Wivu wake nani hakuujua, jamani! Lakini tangu saa mbili Benjamini alikuwa Soni, anasimamia harusi ya dada yake mbele ya kanisa zima.

Mwanahamisi akarudi kwenye kompyuta. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, ncha zote zimenyooshwa.

"Umeifunika wewe?"

"Sijagusa kitu. Niliiacha inapiga hesabu. Ikiwa kazini haifunikwi, inapata moto."

Mwizi gani huyo, anaiba halafu anafunika? Mwanahamisi alichungulia sebuleni. Redio imefunikwa, runinga imefunikwa, hata chupa ya chai. Alienda jikoni polepole, hana hamu ya kufika. Palinuka plastiki iliyoungua. Kwenye majivu kulikuwa na kisahani cha chuma kilichopinda, kile cha ndani ya diski.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Uliizima kompyuta, ndipo ukaifunika."

Mama Efrazia hakubisha. "Mkono umezoea. Kaka yake, Heri wangu, aliondoka hivi hivi, kwenda kusoma. Nikarudishiwa sanduku, yeye maiti ndani. Amebaki huyu mmoja. Nani atanizika?"

Yusta alikuwa mlangoni. "Mama, gesi ile ilikuwa ya jiko hili. Ya kifua chako. Si nilikuambia?"

"Uliniambia. Mimi nilisikia Ujerumani tu."

Mama akalia kwa sauti, akakohoa, akalia tena.

"Nifungue jalada?" Mwanahamisi aliuliza.

"Mama yangu nimpeleke wapi, afande?"

Sajenti alifunga daftari, akaondoka bila kuaga. Yusta alichutama mafigani, akapuliza moto, maana maharage yalikuwa bado. Moshi ukamwingia, na yeye akaanza kukohoa.