Salamu Isiyo na Mwenyewe

Mchana kweupe, bibi mmoja aliyetoka kupasuliwa alibonyeza kengele ya kitanda chake mpaka kidole kikafa ganzi. Hakuna aliyekuja. Akajaribu kushuka mwenyewe, akaanguka. Skrini ya wauguzi ilikuwa shwari, kana kwamba wodi nzima imelala fofofo.

Ndipo akaitwa Waya. Jina hilo alibandikwa na wenzake, kwa kuwa ndiye fundi wa mtandao wa hospitali, mwanamke asiyetulia mpaka ajue kila waya umetoka wapi na unakwenda wapi. Alifungua chumba cha mitambo, akasita mlangoni. Chumba hicho hunuka vumbi na plastiki. Leo kilinuka udi.

"Nani kachoma udi humu?" aliuliza.

Akaketi mbele ya kompyuta.

Akaitazama programu inayosimamia mtandao wote. Hiyo ilikuwa kama bawabu: kila mashine huisalimu, nayo huitikia, kisha hupokea ujumbe, iwe kengele ya mgonjwa au mapigo ya moyo. Sasa bawabu alikuwa taabani. Salamu zilimiminika kama mvua, tupu, hazina jina wala haja, na kila moja aliiitikia na kuitengea nafasi, hata nafasi zikaisha na wenye shida wakabaki nje. Waya aliujua udhaifu huo. Watengenezaji walikwisha kutoa kiraka cha kuuziba. Wakubwa ndio waliokuwa hawajaruhusu mtandao uzimwe.

Kilichomkausha mate ni zilikotoka salamu zenyewe. Zilitoka chumba cha mwisho cha wodi ya zamani, kilichofungwa na kukatiwa umeme, ambacho nyaya zake alizing'oa kwa mikono yake mwenyewe.

Alikwenda, maana roho haikumpa kukaa. Akafungua kufuli, akasukuma mlango, na ule udi ukamvaa usoni, mzito, wenye harufu ya nywele zinazoungua ndani yake, akamulika ukutani palipokuwa na tundu la waya, tundu tupu, jeusi, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyosikia kitu kama pumzi, kisha kama mnong'ono, kisha kama watu wengi wanaobisha hodi kwa sauti moja nyembamba, hodi, hodi, hodi, bila kuvuta pumzi, bila kuchoka, mpaka ulimi wake ukainuka wenyewe kinywani kutaka kusema karibu.

Alikimbia mpaka wodini kwa mdogo wake, muuguzi, yule ambaye wagonjwa humpenda kwa kuwa hajawahi kuitwa akanyamaza.

"Dada, mbona unakimbia hivyo?"

Waya akamweleza kwa kunong'ona. Kwenye kitanda cha karibu alilala mganga wa kupunga majini, mguu wake umefungwa plasta na kutundikwa baada ya kuteleza bafuni, jambo ambalo wodi nzima ilikuwa ikimtania nalo. Alisikia. Hakucheka.

"Uliitika?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi ushukuru. Huyo hana nguvu ya kuvunja mlango, mwanangu. Anachoweza ni kuita tu. Anayemwitikia ndiye anayempa nguvu. Mnyamazishe huyo bawabu wako. Ila jua akikosa huko, atatafuta mwingine wa kumwitikia."

Waya hakusubiri ruhusa ya mtu. Aliwaomba wauguzi wasimame kila mmoja kando ya wagonjwa wake, akazima mtandao, akaweka kiraka, akauwasha. Sasa programu ilikuwa ikiuliza kwanza: wewe nani? Salamu tupu ziligonga, zikakosa jibu, zikapungua, zikakatika. Kengele ya kwanza ya kweli ililia kwenye skrini, na Waya akajikuta analia nayo. Hata harufu ya udi ilikuwa imetoka chumbani.

Ilikuwa imetoka. Akaikuta kwenye ngazi, akapanda nayo, na kila hatua ilikuwa nzito kuliko iliyopita, mpaka mlango wa wodi, ambako kengele za vitanda zilikuwa zikilia zote kwa pamoja, mzee mmoja akihema akitafuta hewa, mganga akipiga kelele na kuvuta mguu wake usiovutika, na katikati ya vitanda amesimama mdogo wake, mikono imelegea, uso ameuelekeza kwenye ukuta mtupu, anatabasamu tabasamu lake la kazini, anasema, "Naam, nakuja. Naam, nakuja. Naam, nakuja."

Waya alimvika mzee barakoa ya oksijeni kwanza. Kisha akamkamata mdogo wake mabegani, akamtikisa, akamziba mdomo kwa kiganja. Chini ya kiganja midomo iliendelea kucheza.

"Mdogo wangu, ni mimi. Nyamaza. Tafadhali, nyamaza."

Midomo ikatulia. Waya akaondoa mkono. Mdogo wake akageuka polepole, akamtazama kwa huruma, kama anavyowatazama wagonjwa.

"Dada," alinong'ona, "wanakuita wewe sasa. Mbona huitiki?"

Na nyuma ya Waya, karibu kabisa na sikio lake, sauti nyembamba ikalitaja jina lake. Si lile la Waya. Ni lile alilopewa na mama yao.

Aliuma ulimi mpaka akaonja damu.