Kinyago Kilipoanguka Telšiai

Ngumi ya kwanza haikumlenga Ilda. Ilipita karibu na sikio lake, ikampata mwanamume aliyesimama mbele yake kwenye foleni, naye akaangukia meza ya jibini.

Ilikuwa Jumamosi, katika soko la karibu na stesheni ya mji wa Kaunas. Wauza samaki wawili walikuwa wamegombania nafasi. Maneno yakaisha, mikono ikaanza. Mmoja wao alishika ndoano ya kutundikia samaki. Watu wakarudi nyuma. Ilda hakurudi. Alikuwa Mreno, mfupi, mwenye koti jekundu na nywele zilizobanwa kisogoni, na kazi yake mjini humo ilikuwa kufundisha ndondi. Alimsogelea mwenye ndoano, akampiga pigo moja chini ya mbavu. Ndoano ikaanguka. Mwenyewe akaifuata polepole, kama mtu anayepiga magoti kanisani.

"Dada, mimi niache," akasema yule aliyelala juu ya jibini, mikono juu. "Nilikuja kununua jibini tu."

"Umelinunua au umelilalia?"

"Kwa hali hii, nadhani nimelinunua lote."

Alicheka huku damu ikimtoka mdomoni. Jina lake lilikuwa Tautrimas, seremala wa ukumbi wa tamthilia, mrefu, mwenye sweta la kijivu lililotoboka kiwikoni. Ilda alimfuta mdomo kwa leso yake. Kabla ya kuagana walikuwa wamekwisha kupeana namba za simu.

Tautrimas alimwita "sungura wangu", kama wanaume wa huko wanavyowaita wapenzi wao.

"Sungura gani anayevunja watu mbavu?" Ilda akauliza.

"Ndiye niliyempata. Wengine walikuwa wamekwisha."

Walipendana kiangazi chote. Walikula supu baridi ya kiazisukari chekundu kwa viazi vya moto, wakalala juu ya vilima vya mchanga vya pwani ya Nida, wakapiga kelele kwenye mechi za mpira wa kikapu hadi sauti zikawakauka. Ilda alizoea majirani wasiosalimia kwenye ngazi, ambao siku moja humwekea mtu chupa ya uyoga mlangoni bila neno. Alizipenda tabia zao za kutochimba mambo ya watu. Alipomwambia Tautrimas, "Niliwahi kuolewa, nikaachana naye," yeye aliitikia kwa kichwa tu, akammiminia chai.

Kwa hiyo Tautrimas hakumjua Américo. Hakujua kwamba mume huyo wa zamani, kule kwao Braga, alikuwa na desturi ya kuja nyuma yake kimyakimya na kumkaba shingo. Hakujua kwamba Ilda alivunjwa mbavu mara mbili, na kila mara alimwambia daktari kwamba ameteleza bafuni. Ndondi alijifunza baadaye.

Februari ilipofika, Tautrimas alitangulia kwa mama yake, katika mji wa Telšiai, kwa sikukuu ya kuifukuza baridi. Siku yenyewe alimpigia simu Ilda.

"Sungura, umeondoka?"

"Nimeondoka. Mama yako ananisubiri kwa hasira au kwa chapati za maji?"

"Kwa vyote viwili. Vaa viatu vizito. Leo tunaipiga baridi hadi ikimbie."

"Na wewe utavaa kinyago gani?"

"Hilo haliambiwi mtu. Ukinitambua, nimeshindwa."

Uwanja ulikuwa umejaa vinyago vya mashetani, mbuzi, wachawi na maiti zinazotembea. Mtu mnene wa mafuta ya nguruwe, aliyeigiza baridi, alipigana na mtu mwembamba wa katani, aliyeigiza majira mapya, na watu wakamshangilia mwembamba. Sanamu ya baridi, mwanamke wa majani makavu, ilisubiri kuchomwa. Waliovaa vinyago waliwachapa wasiovaa kwa vifuko vya majivu, kwa sauti za kubadilisha, bila kujitambulisha. Ndivyo mchezo ulivyo, na wenyeji wa Telšiai huchapwa wakicheka.

Ilda alichapwa mgongoni mara ya kwanza akacheka. Alichapwa ya pili akasogea pembeni, ukutani kwa duka la mikate. Ndipo mkono ulipotoka nyuma na kumzunguka shingo.

"Acha!" akasema.

Mkono ukakaza. Nyuma ya sikio lake mtu alilia kama mbuzi.

"Acha, nimesema!"

Mbuzi akacheka. Ilda alimpiga kiwiko tumboni, akageuka, akamshindilia ngumi ya kulia usoni. Kinyago cha mbao kikapasuka. Mfupa wa mkono wake nao ukapasuka. Hakusikia maumivu. Akapiga ya kushoto. Kamba ikakatika, kinyago kikaanguka kwenye theluji. Chini yake ulikuwa uso wa Tautrimas, umekatwa na vipande vya mbao, macho yakimtazama.

Akampiga tena.

Pua ilivunjika kwa mlio mdogo, mkavu. Tautrimas akaanguka kifudifudi, na theluji ikawa nyekundu. Nyuma yao watu waliiwasha sanamu, wakashangilia. Ilda alikimbia.

Kwa siku kadhaa alimpigia simu kutoka Kaunas, mkono ukiwa kwenye plasta. Hakupokea. Mwishowe ikaingia simu kutoka Telšiai, lakini sauti ilikuwa ya mama, Danguolė.

"Wewe binti wa ngumi."

"Mama, anaendeleaje?"

"Ana sura ya kiazi kilichookwa. Anakula kwa kijiko, hasemi. Watu wake hawasemi, hata baba yake alikuwa hivyo." Mama akashusha pumzi. "Daktari alimwuliza kisa. Amesema ameteleza kwenye barafu."

Ilda akaibana simu sikioni.

"Mama, amesema nini?"

"Ameteleza. Huyu aliyezaliwa kwenye barafu! Nani atamwamini?"

Ilda aliijua sentensi hiyo. Alikuwa ameisema mwenyewe, kwa mdomo uliovimba, na aliyemfundisha kuisema alimjua pia. Alivaa koti kwa mkono mmoja, akaenda kupanda gari la Telšiai.

Mama Danguolė alimfungulia akiwa na aproni na kisu cha kumenyea.

"Umekuja kummalizia?"

"Nimekuja kusema naye."

"Vua viatu. Yuko chumbani."

Tautrimas alikuwa kitandani, macho yote mawili yamevilia damu, bandeji katikati ya uso. Ilda hakusogea kutoka mlangoni.

"Nilikuona," akasema. "Kinyago kilianguka, nikakuona ni wewe, na bado nikapiga."

"Najua. Niliyaona macho yako. Ndiyo maana sikupokea simu. Pua si kitu."

Ilda akamweleza habari za Américo, zote, mkono, shingo, bafu. Alisimulia bila kulia, kama mtu anayetoa ushahidi. Tautrimas alisikiliza akiangalia dari.

"Kwa hiyo ulikuwa unampiga yeye."

"Ngumi mbili za kwanza. Ya tatu nilikupiga wewe. Usinisamehe kwa kumsingizia yeye."

Tautrimas akaacha kuangalia dari, akamgeukia.

"Nilikusikia," akasema. "Uliposema acha. Nilisikia mara zote mbili. Nikafikiri, huu ni mchezo wetu, mgeni ajifunze. Nikakaza mkono."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uogope kidogo, nivue kinyago, nikuombe tuoane. Mpango wa mjinga."

Ilda alicheka, kisha akaziba mdomo kwa mkono wenye plasta.

"Mpigie daktari," akasema. "Mwambie nani alikuvunja pua."

"Polisi wakija je?"

"Waje. Mimi sitaishi na mtu anayeteleza kwa ajili yangu."

Tautrimas akajiinua kitandani. Kisha akachukua simu, akapiga, akasema kwa pua iliyoziba: "Daktari, nilikudanganya. Nilimkaba mpenzi wangu shingo, akasema acha, sikuacha. Akanipiga. Ndiyo, andika hivyo. Vyote viwili."

Alipokata simu, akamgeukia Ilda.

"Sasa nikikuomba tuoane?"

"Si leo. Leo nakuogopa kidogo, na wewe unaniogopa."

"Sana," akakiri. "Utarudi Kaunas?"

"Nitakaa hapa hadi tuache kuogopana."

Ilda aliingia chumbani, akavuta kiti, akakiweka mahali ambapo kila mmoja angeweza kuiona mikono ya mwenzake.

"Na asiyeacha akiambiwa acha," mama akapaza sauti kutoka jikoni, "ale chakula chake nje, theluji ipo ya kutosha! Njoo, binti. Kwa mkono mmoja unaweza kukoroga."