Mchumba Aliyechukuliwa na Wasimba

Uhuru wa Kongo ulikuwa na miaka mitatu, na siku hiyo ya soko Butembo foleni ya chanjo ya ndui ilipita katikati ya mafungu ya vitunguu vya leki na maharage. Kanyere, binti wa katekista Paulin, alikuwa ameketi nyuma ya viazi vyake, kitenge cha njano kakibana vizuri kwa ajili ya baridi. Foleni hiyo alikuwa ameikataa katakata.

Muganga mwenyewe wa chanjo akamfuata. Kijana mrefu, mgeni, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka.

"Mama, leta mukono."

"Mi hapana mama. Na mukono yangu iko na kazi."

"Donc unaogopa sindano."

"Mi? Nikianza kulia hapa, we ndiyo utakimbia!"

Wauza viazi wakacheka. Kanyere, kwa aibu, akanyoosha mkono. Kijana alimchanja taratibu, kisha akachelewa kidogo kuuachia.

"Juma ingine nitarudia kuangalia kidonda."

"Ya batu bote, ao yangu tu?"

"Ya bote. Mais nitaanzia kwako."

Aliitwa Hippolyte, na serikali ilikuwa imemtuma kutoka Kasai, mbali sana na watu wake. Alirudi juma lile, na majuma mengine ambayo hapakuwa na kidonda cha kuangalia. Alipokwenda kuposa, Paulin alimkubali, ingawa jamaa walinung'unika kwamba mwanamume yule hajui Kinande, lugha yao. Kisha Hippolyte akahamishiwa zahanati ya Beni. Harusi ikapangwa Septemba, mwaka wa 1964.

Mwezi mmoja kabla, waasi waliojiita Simba wakaingia. Walimwinda kila aliyekula mshahara wa serikali. Kanyere alisali usiku na mchana kwamba mchumba wake awe amevuka mpaka kwenda Uganda.

Asubuhi moja lori la waasi likapita barabarani Butembo. Nyuma, kati ya watu wenye mikuki na bunduki, alisimama Hippolyte, ukanda wa ngozi kwenye paji la uso kama wao.

"Hippolyte!" Kanyere alipiga kelele.

Alimtazama kama mtu asiyemjua, akageuza uso. Lori likaondoka.

Juma hilohilo waasi wakamtoa nyumbani kaka yake Kanyere, Vagheni, wakisema amewaficha askari. Walimpiga risasi nyuma ya kanisa.

Baada ya mazishi Kanyere aliacha kusali. "Baba, Mungu gani huyu?" alimwuliza Paulin. "Kaka amekufa, na bwana yangu iko na bale balimuua."

"Mi pia sijue, mwanangu. Lakini sina pengine pa kwenda kulia. Naenda palepale kwake."

Jeshi la taifa liliporudi, soko likafunguliwa tena kidogo kidogo. Jirani mpya wa Kanyere sokoni alikuwa Agar, mkimbizi kutoka Mangina, upande wa Beni, mwenye mtoto mchanga mgongoni.

"Huyu alizaliwa porini, kambini ya basimba," Agar alisema akimtikisa mtoto. "Bila ule muganga wa Kasai, tungekufa sote mbili."

Mikono ya Kanyere ikasimama. "Muganga gani?"

"Hippolyte. Balikuwa banamufunga na kamba kila mangaribi. Balimuuliza: 'Uko na batu Butembo? Ukikimbia tutabachoma.' Yeye kila siku: 'Sina mutu kule.' Mais alikuwa analia. Alitoroka, akajitoa kwa askari ya Beni. Na hao banamufunga tena, ati ni musimba."

Kesho yake alfajiri Kanyere, Paulin na Agar wakapanda lori la Beni. Njiani daraja lilikuwa limevunjwa. Ikabidi washuke, wazunguke kwa miguu kupitia msituni. Kanyere alijikuta anaomba: Bwana, mi nimechoka, lakini nitembeze.

Katika kambi ya jeshi Beni walimwombea Hippolyte afunguliwe. Ofisa alimkazia Kanyere macho. "Ulimuona na basimba?"

Angeweza kukana. "Nilimuona. Na ngozi kwa kichwa. Nilimulaani. Sikujua kama ni mufungwa." Kisha Agar akaeleza yake yote, mtoto akilia mgongoni.

Ofisa alisikiliza, akawaweka kusubiri siku kadhaa huku akiuliza wakimbizi wengine wa Mangina. Mwishowe akaamuru mlango wa mahabusu ufunguliwe.

Hippolyte alitoka amekonda, shati limechanika, mguu mmoja umevimba. Alipomwona Kanyere aliegemea ukuta.

"Vagheni iko?"

"Hayuko. Balimuua."

Akaketi chini mavumbini. "Kanyere... nilitunza bidonda ya batu bale. Pengine hata ya mwenye alimuua."

"Pengine."

Alilia bila sauti. Kanyere alisimama juu yake, moyo ukimuuma kwa kaka yake, na kwa huyu pia.

"Siku ile ya lori," Hippolyte alisema, "kama ningekuitika, bangekuchukua."

"Najua sasa. Wakati ule nilikuchukia sana."

"Mi sina kazi tena, na batu bataniita musimba. Nakuachilia. Tafuta mwingine."

Kanyere alichutama mbele yake. "Porini mule, Mungu alikuwa na we?"

"Siku zingine sikumuona hata kidogo. Niliomba tu."

"Mi niliacha kuomba. Nimerudilia kwa njia, nikitembea." Akaushika mkono wake mchafu. "Bado unanitaka?"

"Sana."

"Donc tuoane. Wakati ya kumulilia Vagheni ikiisha. Bila ngoma."

Hippolyte aliitikia kwa kichwa. Paulin akaja upande wa pili, wakamwinua pamoja, wakaanza kwenda polepole, kwa sababu ya mguu ule, kuelekea mahali ambapo Agar alikuwa anawapikia ndizi.