Ukuta wa Mishipa

Saa ya kuona wagonjwa, korido ya hospitali ile iligeuka soko: vikapu, chupa za chai, watoto waliokatazwa kelele na kelele wanapiga. Katikati ya msongamano, juu ya ngazi, alisimama fundi rangi mwenye shati lililowahi kuwa jeupe, akichora mwili wa binadamu mrefu kuliko mlango. Kikapu cha mtu kikaigusa ngazi. Fundi akashuka bila kupenda.

Aliyemwinua alikuwa sista wa chumba cha vidonda, gauni limenyooshwa kwa pasi, nywele zimesukwa nyuma.

"Kifundo kimeteguka. Usilie, kaka."

"Silii. Hilo ni jasho la macho."

Sista akacheka, akaanza kumfunga bendeji, kuanzia unyayoni kwenda juu, kila mzunguko ukiulalia nusu ule uliotangulia, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyesinzia. Fundi alisahau maumivu. Alijiona anapaa kwenye wingu, mguu ukitangulia.

"Vidole nimeviacha nje makusudi," sista alisema. "Vikigeuka buluu, ujue bendeji imebana, damu haipiti. Uje mbio."

"Kwa mguu upi?"

Hapo mapenzi yakaota. Fundi akawa anachora ameketi, mguu juu ya kigoda, akimpaka yule mtu wa ukutani mapaja na vigimbi. Sista alipita mapumzikoni kumfundisha mirija ya mwili.

"Ateri huitoa damu moyoni, ipake nyekundu. Vena huirudisha, ipake buluu. Umio ni njia ya chakula, koromeo ni njia ya pumzi."

Jioni ilikuwa simu.

"Umekula?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Basi utalala njaa, mpenzi. Nakata."

Hakukata.

Asubuhi moja sista aliviona vidole vya fundi. Buluu! Moyo ukampasuka. Akampakia kwenye kiti cha magurudumu, mbio hadi kwa daktari, akilia waziwazi, maana mkono uliofunga ile bendeji ulikuwa wake. Fundi naye alikuwa ameshauaga mguu. Daktari alichovya pamba kwenye spiriti, akapangusa. Buluu ikahamia kwenye pamba.

"Sista, mgonjwa wako anaumwa rangi."

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Ulijipaka!" sista alimgeukia koridoni. "Ulitaka nikushikeshike tena."

"Haki ya Mungu sikujua. Hata mimi niliogopa!"

"Nimelia mbele ya wenzangu kazini. Utani una mipaka, kaka."

Lile "kaka" lilimuuma kuliko kifundo. Simu zikalia, hazikupokelewa. Na fundi hakuwa mtu wa kukaa. Mji wa mbali ulishamwita akachore ukuta wa shule. Huu ukiisha, anaondoka. Ulikuwa umebaki shingo tu.

Siku ya mwisho sista alipita na sinia la dawa, uso mbele. Jicho likaiba. Akasimama.

"Wewe! Koromeo umelishusha mpaka tumboni! Huyu akivuta pumzi atashiba upepo. Ni makusudi tena, ili niongee?"

"Kama ni makusudi, nianguke sasa hivi. Sista, shule mimi niliokota njiani. Usiponielekeza, mirija yote kwangu ni kamba."

Akaweka sinia chini, akamsogelea, akaonyesha kwa kidole: hapa pinda, hapa liishie mapafuni. Fundi akarekebisha, kisha akachovya buluu kupaka vena ya shingo. Tone likaanguka kwenye kiatu cheupe cha sista. La pili likafuata. Fundi hakuona, macho yalikuwa ukutani, mdomo wazi, kama mtu anayeota amesimama.

Sista alikitazama kiatu. Akamtazama yeye.

"Huwa huoni rangi ikidondoka?"

"Rangi gani?"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta mbichi. Kisha sauti ikashuka.

"Nisamehe, mpenzi. Nilikuonea."

"Nikusamehe nini? Hakuna aliyewahi kuulilia mguu wangu." Akaweka brashi. "Kesho nasafiri. Ukitaka nisiende, tuoane."

"Ndiyo posa hiyo? Na mikono michafu hivyo?"

"Ndiyo hiyo."

Sista alitoa simu, akapiga.

"Mama, kuna mtu anataka kuja kukuona... Ndiyo, wa kiume... Fundi rangi... Mama, punguza sauti, anasikia!" Akaifunika simu kwa kiganja. "Anauliza wewe ni mtu wa wapi."

Miaka yote, katika miji yote, swali hilo fundi alilijibu kwa neno moja: napita.

"Mwambie wa hapa."