Jina la Hamsini na Moja

Mwalimu mstaafu alikutwa amekaa kitini, mpira wa oksijeni ungali puani, mkono mmoja juu ya simu. Mshale wa mtungi ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Inspekta alizipanda ngazi za ghorofa nne akihesabu pumzi zake mwenyewe. Ilibaki miezi mitano naye astaafu. Magoti yake yalikwisha kumtangulia. Aliigeuza simu kwa ncha ya kalamu. Tangu alfajiri marehemu alikuwa amepiga namba moja mara kumi na moja: ofisi ya shirika dogo linalopeleka mitungi majumbani. Ofisi hufunguliwa saa tatu.

"Dereva wao ndiye aliyemuua," alisema binti wa marehemu, macho makavu. Ndiye aliyerudi kutoka zamu akamkuta. "Jana Jumatano ilikuwa siku ya baba kuletewa. Hakuja! Wiki iliyopita walirushiana maneno. Alimwambia baba ngazi hizi zitamtoa mtu roho."

Kufika saa nne dereva alikuwa kituoni, pingu mikononi.

"Kwa nini hukumpelekea?"

"Hakuwa kwenye orodha, afande. Orodha hunijia kwa simu, itazame."

"Miaka miwili unampelekea. Jina limepotea, hukuuliza?"

Dereva aliinamisha kichwa. "Kwetu jina likitoka, mara nyingi na mwenyewe katoka duniani. Niliogopa kuuliza nikajibiwa ndiyo."

"Na ule ugomvi?"

"Mtungi begani, ghorofa nne, mama yangu! Hata wewe ungesema neno."

Inspekta, ambaye magoti yake yalikuwa shahidi, hakucheka. Kama dereva ndiye aliyelifuta jina kwa hasira, basi ni kifungo. Na kama siye, mwenye mkono huo alikuwa bado kazini.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja: meza mbili, na mitungi iliyofungwa mnyororo ukutani. Mkurugenzi alisimama. Karani, binti mwembamba, alibaki ameketi akibonyeza kalamu, ta, ta, ta. Ndiye aliyeitengeneza programu ya wagonjwa, bila kusomea ufundi huo, akiunganisha vipande vilivyo tayari kama mshona viraka.

Inspekta alimwamuru afungue kapu la vilivyofutwa. Jina la Mwalimu lilikuwemo. Jumanne, saa tisa na dakika arobaini.

"Nani kalifuta?"

"Inaandika 'Ofisi' tu," mkurugenzi alidakia. "Leseni yetu ni ya mtumiaji mmoja. Sote watatu, dereva naye, tunaingia kwa jina hilo hilo na nywila hiyo hiyo."

"Watu watatu, kivuli kimoja. Mnampa mhalifu joho la kujifunika!"

"Ni leseni ya bure, afande. Bure ni bure."

"Rahisi huvunja upishi, bwana."

Aliomba orodha za mwezi mzima, akazipitia kwa kidole. Hamsini. Hamsini. Hamsini. Wagonjwa wapya sita walikuwa wameingia, na hesabu haikusogea.

"Kitendawili," alisema bila kuinua macho.

Mkurugenzi alibabaika. "Eh... tega."

"Nyumba yangu ina viti hamsini. Kila wiki wageni wanaingia, wala hakuna anayesimama."

"Sijui."

"Basi nipe mji."

Kalamu ilinyamaza. "Kuna anayeinuliwa," alisema karani.

"Eleza, mwanangu."

"Leseni ya bure inashika majina hamsini. La hamsini na moja linakataliwa kwa maandishi mekundu. Wapya watano wa kwanza walikaa kwenye nafasi za waliofariki."

"Na wa sita?"

Inspekta alilitazama jina la wa sita: Jumanne, saa tisa na dakika arobaini na mbili. Dakika mbili tu baada ya Mwalimu kufutwa! Pembeni palikuwa na namba ya ndugu wa mgonjwa. Aliipiga.

Ndani ya mkoba wa karani simu ikaanza kutetemeka.

"Ni mama," karani aliangua kilio. "Midomo ilikuwa imegeuka buluu. Nimemwomba mkurugenzi tulipie leseni, mara tatu. Mwezi ujao, mwezi ujao! Mwalimu alikuwa na nusu mtungi. Nikakisia utamfikisha Ijumaa. Leo jioni kuna mgonjwa anahamia kwa mwanawe, ningemrudisha Mwalimu papo hapo."

"Mwalimu alizidiwa, akaufungulia mtungi zaidi. Mgonjwa hapumui kwa makisio yako. Hukuweza kumwandikia dereva kikaratasi?"

"Karatasi tumekatazwa. Kila kitu kwenye programu."

"Mimi sikufuta mtu!" mkurugenzi alifoka.

"Hukufuta. Ulimwachia mtoto wa watu achague nani apumue. Chukua koti lako, nawe una maelezo ya kuandika."

Mlangoni karani aligeuka, pingu zikilia. "Afande, mtungi niliombebea mama mwenyewe juzi unaisha saa kumi, na dereva mmemfungia."

Saa ya ukutani ilionyesha nane na nusu. Inspekta alipiga simu kituoni. "Mfungueni dereva. Mleteni hapa, mbio."

Alipofika, Inspekta alichana ukurasa wa daftari lake, akaandika anwani na kumkabidhi.

Dereva aliusoma. Akamtazama karani ndani ya gari la polisi, akaelewa ni mama wa nani. Alisugua vifundo vya mikono, pale pingu zilipombana.

"Ghorofa ya ngapi?" aliuliza.

"Ya tano."

Alisonya, akaukunja ule ukurasa na kuutia mfukoni, akafungua mnyororo na kuubeba mtungi begani.