Jina la Madam

Jua lilikuwa linazama Mama Pasi alipofika mlango wa nyuma wa nyumba kubwa, kikapu cha shuka kichwani. Mlango wa mbele alikuwa na haki nao kabisa. Kitinda mimba wake ndiye aliyekuwa mke wa nyumba ile sasa, kwa ndoa ya cheti na picha ukutani. Lakini miguu ya Mama Pasi ilikuwa na mazoea yake. Kwa miaka kumi na minne ya udobi ilikuwa imempitisha nyuma, karibu na mapipa ya taka, na ilikataa katakata kujifunza njia nyingine.

"Mama, huku tena?" binti alisema akimfungulia. "Mpishi atanicheka."

"Acha acheke. Shuka haziulizi zimepitia wapi."

Mama Pasi alicheka peke yake. Binti alikuwa ameegemea ukuta wa jikoni, mkono mmoja juu ya mimba yake ya miezi sita, mwingine kifuani. Alikuwa anavuta pumzi fupifupi, na kila moja ilitoka kwa shida.

"Mama," alinong'ona. "Nani anagonga stoo?"

Mama Pasi alishusha kikapu taratibu.

"Anagonga vipi?"

"Wiki nzima sasa. Saa hizi hizi, taa zikiwashwa. Mara tatu, halafu kimya, halafu kikohozi. Nikifungua, hakuna mtu. Na kila nikifungua, kifua kinazidi kubana. Daktari amenipima juzi, anasema mapafu ni mazima."

Walitega sikio. Sufuria ilikuwa inachemka jikoni. Kukaingia harufu ya vumbi la mkaa na naftalini...

Ngo. Ngo. Ngo.

Kisha mtu akakohoa nyuma ya mlango wa stoo.

Mama Pasi alikijua kikohozi kile. Alikuwa amekiuguza mwenyewe, kwa mvuke na mafuta ya kuchua, tangu mtoto akiwa na miaka miwili.

Mtoto huyo alikuwa kifungua mimba wake, mtumishi wa ndani katika nyumba hii enzi za Madam wa kwanza. Siku moja pete ya Madam ilipotea. Madam hakujisumbua kutafuta. Alimfungia msichana stoo mpaka akumbuke alikoiweka, akatia ufunguo kwenye mkoba, akaenda harusini. Stoo haikuwa na dirisha. Ilikuwa na magunia ya mkaa, na msichana alikuwa na pumu.

Mpishi alimsikia akigonga tangu jioni. Alifika mpaka mlangoni, akasimama, akarudi jikoni.

"Ningeweza kuuvunja ule mlango," alimwambia Mama Pasi baada ya mazishi, macho chini. "Lakini ningefukuzwa kazi." Mama Pasi alimwelewa, na kumwelewa kule kulimuuma kuliko matusi.

Siku tatu baada ya kuzika, alifungua mzigo wa nguo aliokuwa hajaugusa. Pete ilikuwa mfukoni mwa gauni la Madam.

Dobi yeyote anajua kwamba mifuko inakaguliwa mzigo unapopokelewa, mbele ya mwenye nguo. Lakini Madam hakuwa mtu wa kusimama na dobi. Alikuwa anatupa mzigo mlangoni na kugeuka. Kwa hiyo gauni lilikuwa limekaa kwenye kikapu, chumbani kwa Mama Pasi, pete ikiwa ndani yake, muda wote mtoto alipokuwa akigonga. Hilo hakumwambia mtu. Mpaka leo, akiingiza mkono kwenye mfuko wa nguo ya mtu, huukagua mara tatu.

Pete hakuirudisha. Aliifunga kwenye leso akaenda kwa fundi viatu.

Kibanda cha fundi kilikuwa nyuma ya soko. Wengi walimpelekea soli zilizobanduka. Wachache walimpelekea mambo yao, wakiongea kwa sauti ya chini. Alichukua kutoka kwa Mama Pasi kiatu kimoja kikuukuu, ambacho Madam alikuwa amempa kwa hisani kisigino kilipolegea, akatumbukiza pete ndani.

"Jina lake?" aliuliza.

"Madam."

"Jina, mama. Alilopewa na wazazi wake."

Mama Pasi alijua doa la kila foronya ya mwanamke yule. Alijua analala upande gani wa kitanda, na usiku gani alikuwa amelia. Jina lake hakuwahi kuambiwa, wala hakuwahi kuthubutu kuuliza. Fundi aliuliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu.

"Basi semea humu, unavyomwita," alisema mwishowe, na uso wake haukuwa na furaha.

Mama Pasi aliinamia kiatu. "Madam wa nyumba ile," alisema. "Agonge, asifunguliwe."

Fundi alishona mdomo wa kiatu.

Wiki tatu baadaye Madam alikutwa amekufa ndani ya stoo. Kucha zake zote zilikuwa zimevunjika. Mlango ulikuwa wazi.

Wazi kabisa.

Mama Pasi hakumlilia. Na mwaka ule ule, mwenye nyumba, mume wa marehemu, alipoposa kitinda mimba wake, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Alijiona amelipiza, tena amelipiza na faida juu. Nyumba iliyomfukia binti mmoja sasa ilikuwa imemkabidhi mwingine funguo. Siku ya harusi, mpishi aliinama mbele ya bibi harusi akasema, "Karibu, Madam," na Mama Pasi, mjinga yule, alitabasamu.

Sasa, akiwa amemwacha binti jikoni, alikuwa anakimbia kuelekea sokoni na ndala moja mguuni.

Alimkuta fundi anafunga kibanda.

"Fumua kile kiatu," alisema, akitweta. "Fumua sasa hivi."

Fundi hakuuliza kiatu kipi. "Nilikuuliza jina mara tatu, mama."

"Yule ni mwanangu. Ana mimba."

"Najua ni mwanao. Kile kitu hakijui. Hakina macho. Kinafuata mtu anavyoitwa, hata kikichelewa mwaka."

"Nisaidie, baba. Nakuomba. Mmoja nimeshazika."

Mama Pasi alikuwa amepiga magoti kwenye vipande vya ngozi bila kujua amepigaje. Fundi alitazama mikono yake mwenyewe.

"Uzi wangu haufumuki," alisema. "Ila kiatu kinaweza kupata mguu mwingine."

Hakueleza zaidi. Mama Pasi hakuhitaji maelezo.

Asubuhi alirudi nyumba kubwa. Safari hii alipita mlango wa mbele. Mume wa binti alikuwa safarini, na hilo lilirahisisha mambo. Binti alikuwa amekaa kitandani, mito minne mgongoni, midomo yake imeanza kuwa ya kijivu.

"Nipe funguo," Mama Pasi alisema. "Zote. Chukua ufunguo wa chumba changu, nenda ukalale kwangu."

"Kwako? Watu watasema umeninyang'anya nyumba."

"Waseme."

"Mama, ulifanya nini?"

Mama Pasi alimfunga kanga kiunoni kama alivyokuwa akimfunga akiwa mdogo. Alitaka kusema. Jina la kifungua mimba lilimfika mdomoni, likakwama hapo.

"Nilikosea," alisema. "Nenda, mwanangu. Mtu akikuita Madam huko nje, usiitike."

Kisha alishuka jikoni na kumwita mpishi.

"Kuanzia leo Madam wa nyumba hii ni mimi. Yule ni binti yangu. Utamwita kwa jina lake."

Mpishi alibabaika, akajifuta mikono kwenye aproni. "Samahani... jina lake nani?"

Alikuwa amempikia mwaka mzima. Mama Pasi alimtajia jina, polepole, akahakikisha amelirudia vizuri.

Siku ilikuwa ndefu. Mama Pasi alivaa gauni la hariri lililombana mabegani. Alikalia kiti cha mwisho wa meza, kile alichokuwa akikiona kupitia upenyo wa mlango tu. Shada la funguo lililala mapajani mwake. Mchana binti alipiga simu.

"Mama, nimelala. Nimelala usingizi mzito, na kifua kimefunguka." Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya kitoto. "Na huyu tumboni anacheza. Anapiga mateke kweli."

Mama Pasi alishika simu kwa mikono miwili. Alilia kimya ili binti asisikie.

Ilipofika jioni hofu ilikuwa imempungua, na mahali pake palikuwa na kitu kingine ambacho aliona aibu kukitaja. Lilikuwa tumaini. Anayegonga ni mwanangu, alijiambia. Nilimnyonyesha. Nitamweleza kuhusu mfuko wa gauni. Nitamwomba msamaha, naye atanyamaza, atapumzika. Mtoto gani atamdhuru mama yake?

Mpishi aliingia na trei.

"Chai niweke wapi, Madam?"

Taa iliwaka.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mpishi aliiweka trei mezani, akarudi jikoni bila kugeuka nyuma. Mama Pasi alisimama. Kifua chake, kilichokuwa kizima miaka hamsini na sita, kiliingiza hewa na kukataa kuitoa. Alitembea akishika ukuta. Ufunguo wa stoo aliujua bila kuutazama.

Alifungua mlango hadi ukutani. Akasukuma gunia la mkaa kuuzuia usirudi. Alilijaribu gunia kwa mguu, na halikusogea.

Ndani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na giza, na harufu ya mkaa na naftalini, na chini yake, kwa mbali, harufu ya mafuta ya kuchua...

Aliingia.

"Mwanangu," alinong'ona. "Ni mimi."

Kikohozi kilijibu, karibu sana.

"Ni mama yako. Pete nimeiona. Hukuiba. Ilikuwa kwangu, kwenye kikapu. Ningekagua mifuko siku ile ile... Nisamehe."

Pumzi ilimkatikia katikati. Aligeuka atoke, akanyoosha mkono mahali palipokuwa na mwanga wa jikoni. Mkono uligusa mbao. Alipapasa juu, chini, pembeni. Ni mbao tupu, na upande wa ndani hapakuwa na kitasa. Mbao zilikuwa na mikwaruzo, na vidole vyake viliingia ndani ya mikwaruzo ile na kuenea.

Aligonga mara tatu.

Alisikia ndala za mpishi. Zilikuja taratibu mpaka mlangoni. Zikasimama. Aliweza kusikia hata pumzi zake upande wa pili.

"Fungua," alisema, lakini hakikutoka chochote ila hewa.

Ndala zilirudi jikoni.

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye gunia. Hakuwa na hasira. Alifikiria mateke ya mjukuu wake, akayashika hayo kwa nguvu, maana yalikuwa yake. Kisha kiganja kidogo, cha baridi, kilichochanika kucha, kiliushika mkono wake gizani.

Moyo wake uliruka kwa furaha. Amenijua, alisema moyoni. Amenijua.

"Sijaiba," sauti ilinong'ona sikioni. "Wallahi sijaiba. Naomba nifungulie."

"Najua, mwanangu," Mama Pasi alisema kwa pumzi iliyobaki. "Niite mama. Mara moja tu. Niite mama."

Kiganja kilimwachia taratibu, kwa adabu, kama Mama Pasi mwenyewe alivyokuwa amemfundisha siku ya kwanza ya kazi.

"Ndiyo, Madam."