Kaswida Yenye Kufuli

Siku ya harusi ya binti yake, Mwanajuma aliamka mapema nyumbani kwake Kwihara. Akachagua mchele, akaondoa chuya moja moja, akaukosha maji matatu. Kisha akachomeka flashi kwenye spika.

Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Kaswida ya kumtolea chumbani binti yake Yasmini alikuwa ameinunua kwenye programu ya simu. Jana aliinakili kwenye flashi, halafu akaifuta ile programu ili apate nafasi ya picha.

Mlango wa chumbani ulishikwa na Amne, somo aliyemfunda bibi harusi, kanga kiunoni.

"Mwali wangu hatoki bila kaswida yake," alisema. "Nilimwahidi."

Honi zikalia. Watani wa upande wa bwana harusi wakaingia uani wakigonga masufuria. "Mbona kimya? Bibi harusi mmemla?"

Mwanajuma akakimbilia kwa jirani, Damas, fundi simu.

"Fundi, flashi imekufa!"

Damas akaijaribu. "Haijafa, Mama Yasmini. Wimbo huu una kufuli. Unafunguka ndani ya programu uliyonunulia tu, kwa namba yako. Umebeba sanduku, ufunguo umeuacha."

"Basi geuza iwe MP3!"

"Kugeuza muundo hakuondoi kufuli. Na programu za kuvunja kufuli mimi sizigusi. Mwenye wimbo hajaruhusu, na nyingine zinaleta virusi. Namba uliyonunulia unayo?"

"Ni hii hii."

Damas akairudisha programu. Mtandao ukasuasua. Asilimia arobaini. Uani kwa Mwanajuma masufuria yakazidi. "Bado anakoga? Kisima kitakauka!"

Asilimia tisini. Mwanajuma akatafuna pindo la mtandio.

Ikafunguka. Akaingiza namba yake. Kaswida ilikuwepo, wala hakudaiwa tena hata senti.

Wakarudi mbio. Damas akaunganisha simu na spika kwa waya.

"Siku nyingine uliza kabla ya kulipa: nitaruhusiwa kunakili? Yapo maduka yanayouza nyimbo bila kufuli. Hizo, spika ikikataa muundo wake, nakugeuzia dakika moja. Faili la kwanza usilifute. Na ujaribu mapema, kwenye spika yenyewe."

Dufu za kaswida zikarindima. Amne akaachia mlango. Yasmini akatoka taratibu, macho chini.

Mtani mmoja akajifunika sufuria kichwani. "Lo! Kumbe mnaye!"

Mwaka uliofuata, Mwanajuma alinunua kaswida ya arobaini ya mjukuu. Swali lake la kwanza dukani lilikuwa, "Ina kufuli?" Na siku tatu kabla ya shughuli, spika ilikuwa imeshaiimba uani.